Paja la Kushoto

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wodi ya mifupa, siku ya kwanza. Miguu inawaka. Daktari Namalwa — mfupi, sauti ya sajenti wa gwaride — katupanga mstari kando ya kitanda cha kwanza, akasema hapa hataki mtu wa kumkariria kitabu. Mambo matatu tu: tazama, gusa, sogeza. Kwa mpangilio huo. Atakayegusa kabla ya kutazama, nje. Hata hatujatulia, Guerschom akanyoosha mkono akashika goti la mgonjwa. Nje! Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya pazia. Mkongo wetu huyu, tangu mwaka wa kwanza mikono yake inamtangulia.

Vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye mikeka. Ukiuliza kilichotokea, jibu karibu la wote ni moja: boda. Kila upande miguu imeinuliwa, kamba imepita kwenye kigurudumu cha chuma, na mwisho wa kamba kuna jerikeni la maji linaning'inia, linavuta mfupa polepole urudi mahali pake. Mtu akikohoa, jerikeni linacheza.

Mgonjwa wangu ni Mzee Tarcisio, kitanda cha dirishani. Mwanajeshi wa zamani, siku hizi mlinzi wa ghala kule Bugolobi. Jana gari lilimgonga akivuka barabara kwenda zamu. Paja la kulia, limekatika katikati. Anasubiri chuma cha kuingizwa ndani ya mfupa. Nilipomsalimia tu, akanijua kwa Kiswahili changu; hapa Kampala lugha hii ni ya kambi za askari. "Wewe mtoto ya kambi." Ndiyo, mzee. "Mtoto ya nani?" Ya Sajenti Oyet, wa polisi. Akafikiri sana, akatikisa kichwa. Hamjui. Niliumia, sijui kwa nini. Kwani ni lazima amjue?

Daktari alipolishika lile paja, jasho lilimtoka mpaka puani, lakini sauti hakutoa. "Mimi hapana lia," akaniambia baadaye, kama mtu anayeomba radhi. Kwenye kikabati chake kuna kikombe na kipande cha sabuni, basi. Hakuna aliyekuja kumwona.

Jumanne, 2 Septemba

Somo: mfupa ulioungana vibaya. Daktari Namalwa anasema zamani, kabla ya vyuma, mtu aliyevunjika paja alilazwa na uzito miezi hata mitatu. Mfupa uliunga, ndiyo — lakini uliunga unavyotaka wenyewe. Ncha zinapandana, zinatengeneza nundu. Paja linapinda kwenda nje, mguu unakuwa mfupi, kidole gumba kinaangalia pembeni. Mtu anapona na kutembea hivyo maisha yake yote. Akachora ubaoni.

Mimi nikaangalia ule mchoro nikasema kwa sauti: Kombo!

Darasa lote likanigeukia. Aibu iliyoje! Guerschom peke yake ndiye aliyeelewa, akaanza kucheka.

Kombo yuko chini ya kitanda changu. Mwaka wa kwanza mimi na Guerschom tulirithi boksi la mifupa kutoka kwa kaka mmoja wa mwaka wa juu, naye alilipata kwa mwingine. Mifupa ya kweli, ya kujifunzia, mchanganyiko: mkono wa huyu, nyonga ya yule. Boksi linakaa kwangu Bukoto kwa sababu shangazi yake Guerschom, mlokole wa Old Kampala, angeliona angelitia moto na Guerschom mwenyewe juu yake. Mama nilimwambia ni plastiki. Mfupa wa paja ulikuwa umepinda, tukauchukia. Kila mtu alikuwa na paja zuri lililonyooka, sisi tuna kilema! Tukaupa jina Kombo. Tukaupaka kalamu, nyekundu pale msuli unapoanzia, buluu pale unapoishia, kama wanafunzi wote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimefika nyumbani nikainama. Nimemtoa Kombo, nimepitisha kidole. Nundu ile pale. Mpindo ule pale. Si mfupa mbovu hata kidogo. Ni mtu aliyevunjika akapona, akatembea miaka.

Baba alitembea hivyo.

Sasa nimeiandika. Land Rover ya polisi ilipinduka naye kabla sijazaliwa, akalazwa na uzito, akatoka na mguu mfupi. Mwaka 2013, mimi nina miaka tisa, alitoka asubuhi kwenda Old Kampala kuulizia kazi ya ulinzi kwa sababu pensheni ilikuwa haisogei. Hakurudi. Mama alitafuta vituo vyote vya polisi. Akaingia hospitali, wodi kwa wodi, kitanda kwa kitanda. Mochari hakukanyaga. Watu walimwambia aende, akasema ukimtafuta mtu aliye hai kwenye wafu, wewe ndiye uliyemuua. Kwetu Waacholi wengi wanaogopa hivyo. Nami namwelewa.

Baba Mdogo Opoka anapiga simu kila mara kutoka kwetu Kitgum. Wazee wamechoka kungoja. Desemba hii wanataka kuzika tunda la yago badala ya mwili — lile tunda refu, zito — walililie, wamalize, roho itulie. Mama jibu lake ni moja. "Mimi sikuolewa na tunda."

Lakini tulia, Adoch. Tulia! Kichwa cha mfupa kinaangalia ndani, mstari wenye mikwaruzo uko nyuma. Kombo ni paja la kushoto. Baba mguu wake mbaya ulikuwa wa kulia. Namwona kabisa, anakuja kutoka getini kwa kambi, mguu unapiga nusu duara. Upande wa mkono wangu wa kulia.

Asante Mungu. Boksi limerudi mvunguni.

Jumatano, 3 Septemba

Asubuhi kliniki ya watoto wenye nyayo zilizopinda. Furaha tupu! Mguu wa mtoto wa wiki mbili unausogeza kwa vidole viwili, kidogo tu, unapiga plasta, wiki ijayo unasogeza tena. Akina mama wanaimba, watoto wanakojolea madaktari. Nimepaka plasta yangu ya kwanza. Nusu imeishia kwenye nywele zangu.

Mchana nikapita kwa Mzee Tarcisio. Anapumua kama aliyekimbia. Akaniita afande, akaniambia gari la ration, la chakula cha jeshi, limechelewa. Nikatazama — tazama kwanza! — nikamfungua shati. Vidoti vyekundu, vidogo vidogo, kwapani na kifuani. Na ndani ya kope. Jana havikuwepo.

Nikakimbia. Nimekimbia wodini mbele ya watu, sijali. Daktari Namalwa alikuja upesi, akaviona, uso ukabadilika. Mafuta kutoka ndani ya mfupa uliovunjika, anasema, yameingia kwenye damu yakapanda mapafuni na kichwani. Wakamwekea oksijeni. Aliniambia nimeona vizuri. Mzee alikuwa amenishika mkono, ananiuliza tena mimi mtoto wa nani.

Nikamwambia tena. Akasema, "Oyet. Ndiyo. Najua yeye." Homa hiyo. Jumatatu hakumjua.

Alhamisi, 4 Septemba

Mzee Tarcisio amekufa kabla sijafika.

Kitanda kimeshapata mwingine. Jerikeni ni lile lile.

Ijumaa, 5 Septemba

Sista wa zamu anasema hakuna ndugu aliyeandikishwa kwenye faili la Mzee. Hakuna mke, hakuna simu. Tarcisio, basi. Nikauliza sasa itakuwaje. Akaniangalia kwa huruma, bambi, kama ndiyo kwanza nimezaliwa. Atakaa mochari. Watatangaza. Asipotokea mtu, serikali inamzika. Na wengine? Wengine, akasema, wanakwenda kwenu kusomesha. Sheria inaruhusu.

Kwenu. Yaani kwetu. Chuoni.

Nikamburuta Guerschom mpaka Bugolobi, kwenye lile ghala. Walinzi wenzake walisikitika sana. Mmoja alilia. Kumbe Mzee alikuwa anawachekesha zamu nzima! Lakini jina la pili hakuna anayelijua. Kwao ni wapi? Mmoja akasema Adjumani, mwingine akasema hapana, Kaabong. Miaka sita pamoja getini. Wakasema watachanga wamzike wenyewe, tuwaambie tu siku. Nikataka kuwabusu.

Tukirudi nikamuuliza Guerschom: boksi letu lilitoka wapi hasa? Tukavuka reli kwanza. Kisha akasema, "Adoch, dada, ile ni mifupa ya watu wenye hawana benyewe. Wewe ulizania nini?" Kwao Bukavu, akasema, wako wengi wa namna hiyo, ndiyo maana yeye mwaka wa kwanza aliniachia mimi boksi. Shangazi alikuwa kisingizio tu. Aliogopa kulala nalo.

Mimi nimelala nalo miaka mitatu. Kama mtu alalaye juu ya sanduku la nguo!

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Niandike upesi.

Darasa la kusoma picha. Daktari Namalwa kabandika eksirei ya nyonga ukutani, akamwita Guerschom aonyeshe mvunjiko uko upande gani. Guerschom akasema kulia, kwa kujiamini kabisa. Yule mama akamlipukia. Kulia kwa nani? Kwako wewe? Mgonjwa amekuelekea! Amesimama mbele yako kama mtu anayekuja kukusalimia, mkono wako wa kulia ni kushoto kwake! Kosa hili, akasema, limewahi kufanya watu wakapasuliwa mguu usio na tatizo.

Wote walicheka. Mimi nilibaki na maneno yake.

Mtu anayekuja kukusalimia.

Baba kila siku nilimwona akija. Nilikuwa nangoja pale karibu na geti, naye anakuja akinielekea, na mguu mbaya uko upande wangu wa kulia. Akinifikia ananibeba. Sijawahi kumtazama kwa nyuma. Hata siku ile ya mwisho sikuamka kumwona akienda.

Upande wangu wa kulia.

Nikatoka nje, nikakaa kando ya maua ya hospitali. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema watu. Haki ya Mungu, lilikuwa giza zuri.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemuuliza Mama. Nilingoja arudi kutoka kantini ya polisi anakopika. Alikuwa anapepeta ufuta. Nikajifanya nasoma, nikamwambia bila kuinua macho kwamba tunajifunza mapaja yaliyovunjika, nikamkumbuka Baba, hivi mguu wake ulikuwa upi?

Sikutegemea alichofanya. Aliweka ungo chini. Akasimama, akajinyoosha, akatembea. Kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi. Alitembea kama Baba! Bega moja chini, mguu unapiga nusu duara, kidole gumba pembeni, na ile sauti ya kisigino, ta — shwaa, ta — shwaa. Sikujua kama ninaikumbuka mpaka nilipoisikia.

Mguu wa kushoto.

"Huu," akasema, akajipiga paja. "Alikuwa analala upande wa ukutani, huu uwe nje. Nimempitishia mkono miaka kumi na nne, utaniambia mimi?" Akacheka kidogo, akakaa, akarudi kwenye ufuta wake. Kisha, bila kucheka: "Kwa nini umeuliza?"

Mtihani, Mama.

"Mtihani," akasema. Akapepeta kwa nguvu hadi ufuta ukamwagika.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nimemfunga Kombo kwenye leso, nikamwingiza kwenye mkoba — hakutosha, kichwa kilitokeza, nikakifunika kwa koti la kliniki — nikapanda naye kilima hadi ofisini kwa Daktari Namalwa.

Mwanzoni alifurahi! Macho yalimwaka. Akaugeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamume, akasema. Mtu mzima, si kijana. Alitibiwa kwa uzito, hakupasuliwa. Ameishi nao muda mrefu, ona huku upande mmoja mfupa umenenepa kwa kubeba mwili kwa kupinda. Alikuwa anachechemea kwenda upande huu. Mfano bora kabisa wa kufundishia, umeutoa wapi?

Nikamwambia nadhani ni baba yangu.

Akauweka mezani. Polepole, kwa mikono miwili. Akafunga mlango.

Nilimweleza yote. Alisikiliza. Ukali wote ulimtoka, akawa mama wa kawaida tu mwenye miwani. Kisha akasema ukweli, nami namshukuru kwa hilo hata kama nilitaka kumpiga. Miguu ya namna hii iko maelfu nchini. Kila wodi ya zamani ilitoa kadhaa kila mwezi, askari, wakulima, madereva. Boksi limepita mikono mingi, hakuna anayeweza kusema lilianza na mwili upi. Inawezekana ni yeye. Inawezekana zaidi si yeye.

Kuna kipimo. Mate yangu yatosha, mimi ni damu yake. Anamjua mtu wa maabara, atanisaidia kupeleka. Lakini mfupa uliochemshwa na kuoshwa dawa unaweza usitoe kitu. Miezi, na mwisho wake pengine hakuna jibu.

"Adoch," akasema — kumbe jina langu analijua — "mpaka hapo usimwambie mama yako. Usimpe mfupa wa mtu mwingine azike."

Nikasema nimeelewa, daktari. Jumatatu tunapeleka.

Ijumaa, 12 Septemba

Siwezi kumtazama mtu akitembea. Kila anayepita nasoma nyonga yake, goti lake, kisigino. Mwanamke wa kuuza maparachichi pale Bukoto ana goti la kifua kikuu la utotoni. Kondakta ana kifundo kilichoungana vibaya. Kila mtu mjini amevunjika mahali, banange, na hakuna aliyeniambia!

Darasani, kwenye korido, ta — shwaa. Nikageuka. Mgonjwa na magongo yake. Dakika kumi baadaye tena. Nikageuka tena. Guerschom akanishika bega, akaniuliza ninamtafuta nani.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa kuwa ni yeye, na naogopa zaidi kuwa si yeye.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama yuko kazini. Nimeuleta mfupa barazani, pamba na spiriti, nimeanza kufuta ile rangi. Jumatatu hauwezi kwenda maabara umepakwa kama ukuta wa shule ya chekechea.

Nyekundu inatoka. Nikisugua inatoka. Pale msuli mkubwa wa paja unapoanzia niliandika kwa herufi ndogo nadhifu, nikijivuna. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliimba nikipaka. Wimbo wenyewe bado naukumbuka.

Buluu haitoki. Imeingia kwenye vitundu vya mfupa. Nimesugua hadi vidole vimebabuka.

Simu: Baba Mdogo Opoka. Anasema wazee wameshachagua mti wa kuchuma yago. Nizungumze na mama yangu, mimi msomi atanisikiliza. Wanawake wa ukoo wanasema anang'ang'ania ujane usio na jina, na mimi nitaolewa vipi nikiwa mtoto wa mtu asiyejulikana kama yuko au hayuko? Nikamwambia, Baba Mdogo, nipe miezi michache. Ya nini, akauliza. Ya mtihani, nikasema. Mtihani umekuwa jibu la kila kitu.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika ngazini, nje ya mlango wetu. Jua linanipiga usoni. Chini duka la redio linapiga muziki wa sherehe.

Nilidhani Mama atakaa kanisani hadi jioni, kuna mkutano wa akina mama. Nikautandikia mfupa taulo mezani, nikaendelea na ile buluu. Mlango ukafunguliwa. Mkutano umeahirishwa! Mama amesimama, viatu mkononi, anatazama.

Hakupiga kelele. Aliweka viatu chini, kimoja kimoja. Akauliza kile ni nini.

Plastiki, nikasema.

"Mtu haoshi plastiki huku analia."

Nikajishika shavu. Kweli, limelowa. Sikuwa na habari.

Hakusogea karibu. Alisimama pale pale akauangalia, kuanzia kichwani hadi mwisho, pole pole, kama Daktari Namalwa anavyotaka na sisi hatuwezi. Kisha akauliza:

"Upande gani?"

Hapo ningeweza kusema kulia. Neno moja tu, na angeenda jikoni, na Jumatatu ningepeleka mate yangu, na miezi ingepita. Nilimwahidi daktari. Nilifungua mdomo niseme kulia.

"Kushoto," nikasema.

Kisha nikabwatuka yote. Boksi, Guerschom, kaka wa mwaka wa juu, maelfu ya miguu, mate, maabara. Mama, hatujui. Mama, sikiliza, daktari anasema inawezekana zaidi si yeye. Sijui kama alisikia. Aliniuliza kitu kimoja: mfupa umetoka wapi. Nikasema mochari, labda, wanakowachukua wasio na mwenyewe. Mochari ipi? Ya hospitali yetu, Mama. Ile ya nyuma, ya kuteremka, yenye geti lake.

Akakaa kwenye kiti. "Geti lile," akasema. Anajua vizuri lilipo. Mwaka ule alipita hapo kila siku kwenda kutafuta mawodini.

Akaufikia. Hakuushika kama tunavyoushika sisi. Aliweka kiganja chake juu ya nundu, akafumba macho, akapitisha mkono hadi chini, akarudi juu. Nikangoja aseme ndiyo, au aseme hapana. Mimi nilikuwa tayari kuamini lolote, hata kipimo nisikitake tena. Aliniambia nitoke nje, nifunge mlango.

Nimetoka. Nimekaa hapa na hiki kijitabu kwa sababu mikono haijui kufanya kitu kingine.

Nilisikia kiti kinavutwa karibu na meza. Nikadhani anasali. Ni Kiacholi, nikasikiliza maneno. Si sala. Anamgombeza! Anamgombeza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nina miaka tisa, ile ya mke ambaye chakula kimepoa. Anamwambia tulitolewa kambini mvua ikinyesha, magodoro nje. Anamwambia ndugu yake Opoka ni mjinga na amezidi kuzeeka vibaya. Anamwambia mtoto wako amekuwa daktari — sijawa, Mama! — na hukuwepo. Anamuuliza ni nani amekuchora hivi.

Inanipasa niingie. Najua inanipasa. Kama si yeye, basi kuna mume wa mtu mwingine mle ndani anapokea lawama zisizo zake, na mkewe yuko mahali anapepeta ufuta. Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.

Sasa sauti imeshuka. Karibu siisikii kwa ile redio. Anasema nilipita pale kila siku, Oyet. Kila siku, wiki nzima nzima, pale getini, na kitambaa changu cha njano ulichokuwa unakipenda. Mbona hukuniita?

Amenyamaza. Anangoja ajibiwe.

Mfupa hauna sauti, ninajua hilo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne! Na bado nainua kalamu nisikie.